Alhamisi, Saa Kumi na Moja

Mgodi ulipofungwa, Ireneusz alirudi nyumbani
na kofia yake ya chuma, na kikohozi,
na kimya kikubwa kuliko fleti yetu.
Alikiweka mezani, katikati ya chumvi na mkate,
nasi tukala tukikizunguka, miezi saba.

Jumapili ya Familia Takatifu, Padre Wit alihubiri.
Alihubiri vizuri, sina la kumlaumu:
ndoa ni agano, ndoa ni taa, ndoa ni mwamba.
Nikatazama mikono ya mume wangu juu ya magoti,
makaa ya mawe bado yamelala chini ya kucha,
nikawaza: mwamba anaujua yeye,
ameupasua miaka ishirini na miwili.
Tukatoka. Theluji.
Kila mtu alijishikilia mwenyewe kwenye utelezi.

Zdzisława, mtunza sakristia, ndiye aliyenidaka kiwiko
karibu na rafu ya mishumaa.
Hunukia nta na vitunguu; hana subira na watu wapole.
"Alhamisi," akasema, "saa kumi na moja hadi saa mbili usiku,
niletee watoto ukumbini, chini ya kanisa.
Kuna supu. Sitauliza mtafanya nini huko kwenu.
Hata mkigombana.
Hasa mkigombana."

Alhamisi ya kwanza tuligombana.
Kwa sauti, kama watu waliopewa nafasi:
kuhusu hela, kuhusu mama yake, kuhusu kijiko,
naapa, kijiko,
mpaka jirani akagonga ukuta.
Vyombo vya kabati moja havikosi kugongana,
lakini vyetu tulikuwa tumeviringishia magazeti.
Alhamisi ya pili alisinzia kitini, nikamtazama akilala.
Ya tatu alimenya viazi,
akaniambia, huku amenipa mgongo,
kwamba kila usiku huota lifti ya mgodi inashuka
na haifiki.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, husemwa.
Mimi nililala mle mle, blanketi moja,
na sikujua.

Huko chini ya kanisa, wanangu walikuwa wakihesabu
mabomba ya kinanda pamoja na Alojzy, mgane,
ambaye hurekebisha mashine za kufulia za parokia nzima
na hakubali malipo isipokuwa keki ya mbegu za mpopi.
Padre Wit alikuwa akikausha sahani, kanzu imekunjwa hadi viwikoni.
"Mimi ndoa siijui," alimwambia Ireneusz
jioni ile alipokwenda kuwachukua watoto.
"Sahani nazijua. Shika kitambaa."
Wakakausha sahani arobaini pasipo neno.
Mume wangu alirudi amelowa kifua,
mfukoni ana namba ya mtu anayetafuta fundi bomba.

Sitasema kila nyumba ilipona.
Kinga na Roch, ghorofa ya nne, waliachana kabla ya Pasaka.
Benchi la nyuma likanong'ona, kama kawaida yake.
Zdzisława hakufuta jina la binti yao daftarini.
Alhamisi mama humleta, baba humchukua,
na katikati ipo supu ileile,
na kiti chake kilekile,
na soksi zake zikikauka juu ya hita.

Mwaka huu zamu ya mlango ni yangu.
Jana walikuja wawili wageni, na mtoto wa miezi minane,
wote watatu macho mekundu.
Mwanamke alianza kujieleza, sijui aanzie wapi.
Nikampokea mtoto. Nikapokea na mfuko wa nepi.
Nikasema: nendeni, mrudi saa mbili.
Walipofika ngazi ya juu, kabla upepo haujafunga mlango,
nikawaita:
"Hata saa tatu."